Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Historia ya Tamasha la Sanaa la Vijiji vya Echigo-Tsumari, Japani



Kabla hujafika kwenye kurasa za mwisho zenye orodha ya michango na fomu ya ahadi, tunakuomba usome kwanza habari za vijiji vya watu wengine, mbali sana na kwetu. Tuna sababu ya kukuomba hivyo. Katika vikao vyetu kuna swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya mwenyekiti kufunga kikao na watu wamesimama na soda mkononi. Tunachanga kila mwaka, shule inapata bati, zahanati inapata sakafu, lakini vijana wanazidi kuondoka na nyumba zinazidi kufungwa. Sasa tunamjengea nani?

Swali hilo si letu peke yetu. Kuna watu wa milimani huko Japani walioulizana hivyo hivyo kwa miaka mingi, na wakajibu kwa njia ambayo hata wao wenyewe waliiona ya kipuuzi mwanzoni. Waliwaita wasanii.

Nchi ya theluji na mpunga

Echigo-Tsumari iko kusini mwa Mkoa wa Niigata. Leo eneo hilo linajumuisha Mji wa Tokamachi na mji mdogo wa Tsunan. Zamani lilikuwa na halmashauri sita, hadi mwaka 2005 tano kati yake zilipounganishwa kuwa Tokamachi mpya. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 760, zaidi kidogo ya nusu ya Mkoa wa Dar es Salaam, na ndani yake kuna vijiji vipatavyo 200 vilivyotawanyika milimani na mabondeni.

Ni sehemu mojawapo yenye theluji nyingi sana kati ya zote duniani zinazokaliwa na watu. Katika majira ya baridi theluji hupita kimo cha mtu, na mwaka mbaya hufunika madirisha ya chini kabisa. Ikirundikana juu ya paa huweza kuvunja nyumba, kwa hiyo lazima mtu apande na koleo aishushe, na baada ya siku chache apande tena. Nyumba isiyo na kijana, mzee hupanda mwenyewe.

Tambarare ni chache huko, na udongo wa milima ni wa kuporomoka. Wakulima wa kale walichonga majaruba ya ngazi ubavuni mwa milima, jaruba juu ya jaruba, mengine madogo kama sebule. Mto ulipopinda, waliukatia njia mpya iliyonyooka, kisha wakaligeuza pindo la zamani kuwa shamba la mpunga. Kazi hiyo ilifanywa kwa jembe, kapu na mikono ya kijiji kizima. Mpunga wa aina ya Koshihikari unaotoka huko unasifika Japani nzima. Na wakati theluji ilipofunga njia, watu walikaa ndani wakafuma hariri, na Tokamachi ikapata jina kwa vitambaa vyake vya kimono.

Barabara ilipofika, watu wakaondoka nayo

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Japani ilihitaji chakula, na wakulima wa mpunga walipewa heshima kubwa. Lakini viwanda vya Tokyo na Osaka navyo vilihitaji mikono. Vijana waliomaliza shule walisafirishwa kwa makundi kwenye treni kwenda kuajiriwa. Kina baba waliobaki nao walikwenda mijini kila majira ya baridi kufanya vibarua vya ujenzi, wakarudi theluji ikiyeyuka kuwahi kilimo. Wengine mwaka mmoja hawakurudi tena, na baadaye wakaja kuchukua familia.

Kisha mwaka 1970 serikali ilianza kuwataka wakulima wapunguze mpunga, kwa kuwa ghala zilikuwa zimefurika. Mkulima aliyepongezwa jana kwa kulisha taifa akalipwa fidia leo ili aache shamba bila kulima. Fikiria mzee ambaye babu yake alichonga jaruba lile kwa miaka, anaambiwa aliache liote majani. Soko la kimono nalo likapungua mwaka hadi mwaka.

Si kwamba serikali ilikisahau kijiji. Mkoa wa Niigata ndio uliomtoa Tanaka Kakuei, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia mwaka 1972 hadi 1974, mtu aliyejulikana kwa kupeleka barabara na mahandaki kwao kwenye theluji. Treni ya mwendo kasi ilifika mkoani mwaka 1982. Mwaka 1997 reli ya Hokuhoku ilifunguliwa, ikapita Tokamachi na Matsudai kwa mahandaki marefu chini ya milima. Vyote hivyo vilikuwa vitu vizuri, na wazee waliviombea. Lakini barabara ina pande mbili, na ile iliyojengwa ili maendeleo yaingie ilirahisisha pia kutoka. Shule zilianza kufungwa moja baada ya nyingine.

Mwana wa mkoa arudi na wazo

Mwaka 1994 mkoa ulianzisha mpango wa kuziwezesha halmashauri jirani kushirikiana na kufufua maeneo yao. Mtu aliyekuja kuongoza kazi ya Echigo-Tsumari ni Fram Kitagawa, aliyezaliwa Niigata mwaka 1946 na kufanya kazi zake za sanaa Tokyo. Kwa maneno yetu, alikuwa mtu wa mkoa anayeishi mjini.

Wazo lake lilikuwa kwamba kila baada ya miaka mitatu wasanii wa Japani na wa nchi nyingine waje vijijini. Kazi zao wasiziweke katika jumba moja pale mjini. Waziweke kwenye majaruba, kwenye nyumba zilizoachwa, kwenye shule zilizofungwa, kando ya vijia. Mgeni anayetaka kuziona alazimike kutembea kijiji hadi kijiji, apotee njia, aulize, akaribishwe maji. Kila mtaalamu wa utalii angesema mpango huo unapoteza muda wa mgeni. Kitagawa alitaka muda huo upotee, kwa sababu ndani yake ndimo mgeni angekutana na mwenyeji.

Madiwani walikataa. Wananchi nao waliuliza maswali ambayo sisi pia tungeuliza: fedha za umma zinunue sanamu wakati barabara ya kwetu bado ni mbovu? Sanaa ya kisasa ni nini, na nani ataielewa? Ikachukua zaidi ya miaka minne ya vikao, kijiji kwa kijiji. Kitagawa amesimulia kwamba mikutano ya kueleza na kubembeleza ilizidi 2,000. Wale miongoni mwetu walioona vikao vitatu vya kuhamisha kisima kuwa ni vingi, wapige hesabu.

Tamasha la kwanza lilifanyika mwaka 2000, kuanzia Julai hadi Septemba. Walikuja wasanii karibu 150 kutoka nchi zaidi ya 30, na wageni wapatao 160,000. Hata hivyo, kati ya vijiji vyote, vilivyokubali kushiriki ni 28 tu. Vingine vilikaa pembeni vikitazama.

Shamba la mtu si uwanja wa mchezo

Kulikuwa na sharti moja lililobadilisha kila kitu. Msanii, hata awe maarufu namna gani, hana ardhi yake huko. Kila jaruba lina mwenyewe na kila nyumba tupu ina ukoo wake. Kwa hiyo msanii hawezi kuweka hata kijiti kabla hajapiga hodi, akakaa, akaeleza nia yake, na akakubaliwa.

Ilya Kabakov, aliyezaliwa katika Umoja wa Kisovyeti, pamoja na mkewe Emilia, walitaka kufanya kazi juu ya majaruba ya mlima mmoja huko Matsudai. Mwenye shamba alikuwa mzee aliyekwisha kufikiria kuacha kilimo, na mwanzoni alikataa. Shamba lile lilikuwa jasho la wazazi wake, na mgeni asiyejua hata kushika mundu anataka kuliwekea sanamu? Kabakov alichora alichokusudia: vivuli vya watu wa rangi ya buluu na njano, wakilima, wakipanda, wakivuna, wakipeleka mpunga sokoni. Mbele ya shamba kukawekwa mahali pa kusimama penye maandishi ya kueleza kazi za kila msimu, hivi kwamba mtazamaji anasoma maneno na kuona vivuli na shamba kwa pamoja. Mzee alipoona kwamba kinachosifiwa ni kazi ya mikono ya watu wake, akakubali. Tena aliendelea kulima kwa miaka kadhaa, na nguvu zilipomwishia watu wa tamasha wakalipokea jembe. Vivuli vile vipo mpaka leo, na mpunga bado unapandwa chini yake. Pasipo mpunga, kazi ile isingekuwa na maana.

Wasanii hawakufanya kazi peke yao. Vijana wa kujitolea, wengi wao wanafunzi kutoka Tokyo, walijiunga katika kikosi kilichoitwa Kohebi, yaani nyoka wadogo. Waliingia vijijini na nywele za rangi na maswali mengi, na wazee wakawatazama kwa mashaka. Hawakujua kulima, hawakujua kushusha theluji. Lakini anayejifunza kazi kwako ni vigumu kuendelea kumwita mgeni. Bibi anayemfundisha msichana wa mjini kufunga miganda ya mpunga huwa amekwisha kumpa kitu, na mtu aliyempa mwenzake kitu hujisikia bado anahitajika.

Tetemeko la mwaka 2004

Tarehe 23 Oktoba 2004, jioni, tetemeko la ardhi la kipimo cha 6.8 liliupiga Mkoa wa Niigata. Watu 68 walipoteza maisha katika mkoa huo. Milima iliporomoka, majaruba yakapasuka, nyumba zikalala. Kisha ikaja theluji nyingi juu ya paa zilizokwisha kudhoofika.

Hapo ndipo ilipojulikana miaka minne ya tamasha ilikuwa imejenga nini. Vijana wa Kohebi na wasanii walirudi bila kuitwa na bila kazi yoyote ya sanaa mkononi. Walikuja kufagia vifusi, kubeba vyombo, kushusha theluji na kusikiliza wazee. Walijua nyumba ya nani iko wapi, kwa sababu walikwisha kula humo.

Baada ya tetemeko familia nyingi zilihama moja kwa moja, na nyumba tupu zikaongezeka. Tamasha la mwaka 2006 likaligeuza tatizo hilo kuwa kazi yenyewe. Katika kijiji kimoja cha Matsudai, msanii Junichi Kurakake na wanafunzi wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Nihon walichukua nyumba ya kale iliyoachwa, wakachonga kwa patasi sakafu, kuta, nguzo na dari, kila mahali, kwa muda wa zaidi ya miaka miwili. Moshi wa jiko la vizazi ulikuwa umeifanya mbao kuwa nyeusi, na kila patasi ilipopita ilionekana mbao nyeupe chini yake. Waliiita nyumba inayojivua gamba. Katika kijiji kingine, nyumba ya makuti ya nyasi iliyojengwa mwaka 1924 iligeuzwa kuwa mgahawa wa vyombo vya udongo, na kina mama wa huko ndio wapishi. Mboga za mlimani walizozoea kupika bila kusifiwa, sasa wageni wa Tokyo walipanga foleni kuzila na kulipia.

Shule nazo zilipata neno. Shule ya msingi ya Sanada ilifungwa mwaka 2005 ikiwa na wanafunzi watatu tu. Msanii wa vitabu vya watoto, Seizo Tashima, aliijaza sanamu za mbao na vitu vilivyookotwa, akasimulia humo ndani hadithi ya watoto wale watatu wa mwisho, na mwaka 2009 ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho. Wazee waliosoma pale wakapata sababu ya kupita tena kwenye lango lile.

Mwaka huo huo wa 2009, Pascale Marthine Tayou, msanii mzaliwa wa Kamerun, alitundika karibu na stesheni ya Matsudai kalamu kubwa za rangi zinazoning'inia zikielekeza ncha chini, kila moja ikiwa na jina la nchi. Mgeni kutoka Afrika anaweza kusimama chini yake, katikati ya milima ya mpunga, akatafuta jina la kwao.

Daftari la hesabu

Chama kinachoomba michango lazima kisome daftari lote, faida na hasara.

Upande wa faida: wageni waliongezeka kutoka wapatao 160,000 mwaka 2000 hadi zaidi ya 500,000 mwaka 2015. Tamasha la mwaka 2021 liliahirishwa kwa sababu ya Uviko-19 likafanyika mwaka 2022, nalo pia lilivuka idadi hiyo. Vijiji vinavyoshiriki vilitoka 28 vikapita 100. Kazi zipatazo 200 zimebaki mwaka mzima. Ruzuku ya mpango wa mkoa ilipokwisha baada ya matamasha matatu ya mwanzo, wenyeji na marafiki zao walilazimika kutafuta njia. Mwaka 2008 kiliundwa chama kisicho cha kibiashara cha kutunza kazi na mashamba. Kuna mfuko wa majaruba huko Matsudai, ambapo mtu wa mjini hutoa mchango wa mwaka ili jaruba lisiachwe, na msimu ukiisha hupelekewa mchele wake. Mwaka 2015 iliundwa timu ya soka ya wanawake, FC Echigo-Tsumari, ambayo wachezaji wake huhamia huko, hucheza na hulima majaruba ambayo wenyewe wamezeeka. Na tangu mwaka huo huo wa 2008 sheria ya Japani inamruhusu mtu wa mjini kuelekeza sehemu ya kodi yake kwenye halmashauri anayoitaka, iwe ya kwao au ya rafiki.

Upande wa pili: watu hawakuacha kupungua. Tokamachi ilikuwa na wakazi wapatao 62,000 ilipounganishwa mwaka 2005. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta hawafiki 50,000. Kazi za sanaa nazo zina paa, na paa zina theluji, na wa kuishusha ni wale wale. Wapo pia wanaosema tamasha linawapendeza zaidi watu wa mjini kuliko wenyeji, na hoja yao haifai kupuuzwa.

Basi, walimjengea nani?

Kama kipimo ni idadi ya watu waliorudi kuishi, tamasha halikushinda. Lakini watu wa Echigo-Tsumari hawakungoja wote warudi ndipo waanze. Walimhesabu aliyepo: bibi wa miaka 80 mwenye ujuzi wa kupika, mzee mwenye jaruba, nyumba yenye nguzo nzuri. Wakamletea aliyepo mgeni wa kumfundisha, wa kumpikia na wa kumsimulia. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Japani hawaijui methali hiyo, lakini wameiishi.

Kwa hiyo jibu la swali letu la chini kwa chini ni hili: tunamjengea aliyepo kwanza, ili atakayekuja, awe mwanetu au mgeni, amkute mtu wa kumfungulia mlango. Na tukichanga, tujiulize mambo matatu waliyojifunza wenzetu kwa gharama. Je, tulimuuliza mwenye ardhi na tukamsikiliza akikataa? Je, tumetenga kitu cha kutunza tulichojenga, au tutaliacha paa kwa wazee? Je, jambo hili linampa mwenyeji kazi ya kumfundisha mtu, au linamfanya mtazamaji nyumbani kwake?

Ukifika kwenye fomu ya ahadi, andika kiasi unachoweza. Halafu Desemba ukienda nyumbani, usifungue chumba chako tu na kukifunga tena Januari. Fungua madirisha yote. Alika jirani. Mwombe bibi akuonyeshe chakula kile ambacho mjini hukumbuki tena kinapikwaje, na uje na rafiki asiye wa kwetu akione kikipikwa.

Karibuni nyote.